Kitanda cha Kubebwa na Wanne

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Ukunda sikushika msumeno wala randa. Fundi Mkuu alinipa fremu ya kitanda na mzigo wa kamba, akaniambia, "Wamba." Nikawamba tangu asubuhi. Kuwamba, kwa nyinyi mliozaliwa juu ya magodoro ya sponji, ni kuisuka kamba kwenye fremu mpaka upate mahali pa kulala. Adhuhuri nilipomaliza hakukagua mafundo, hakuvuta kamba. Alivua kofia, akajilaza, akalala usingizi wa kukoroma. Nikabaki nimesimama pale, sijui niondoke au nimpepee. Alipoamka akasema, "Njoo kesho." Basi nikawa nimeajiriwa.

Nilikuwa nimetoka Kinango, ambako kwa miaka mingi niligonga madawati ya shule kwa mbao za saiprasi. Kinango maji ni shida. Hata ya kulowesha jiwe la kunolea patasi tulikuwa tukipimiwa kwa kikombe, na ukimwaga unatazamwa vibaya mpaka jioni. Ukunda kwangu ilikuwa raha tupu. Karakana yetu ilikuwa banda refu la makuti kando ya barabara iendayo Galu, na mwenyewe, ambaye sote tulimwita Tajiri, aliuza vitanda, meza na viti kwa mahoteli. Tajiri alishughulika na wateja na simu. Kazi yenyewe ilikuwa chini ya Fundi Mkuu, mzee wa Msambweni, Mdigo mwenzangu, mpole wa maneno lakini mkali wa macho. Ukikosea hakutukani. Anakuuliza tu, "Bakari, huu mfumbati umeukata kwa meno?"

Mfumbati ni ule ubao mrefu wa ubavuni mwa kitanda. Ule mfupi wa kichwani na wa miguuni ni kitakizo, na mguu wake ni tendegu. Siku hizi nawasikia vijana wakisema "ile mbao ya pembeni", na roho inaniuma, lakini nimeshazeeka, sina nguvu za kugombana na kila mtu.

Mwaka wa tisini na saba zikaja zile fujo za Likoni za kuwafukuza watu wa bara, na kabla hatujapumua zikafuata mvua zisizojua kukatika. Wageni wakatoweka. Mahoteli yakafunga milango, na watu wengi wa bara waliokuwa wakifanya kazi huko wakafungasha wakarudi kwao. Karakana ikabaki na watu wachache, tukinoa vyombo visivyokuwa na kazi. Tajiri alituambia wazi: tukipata oda moja kubwa tutaendelea, tusipopata atafunga banda na kuuza mashine. Nilikuwa na watoto shuleni na mama mgonjwa nyumbani. Niliogopa, sioni haya kusema.

Oda ikaja, kutoka Galu. Hoteli moja ilikuwa ikijitengeneza upya, na Meneja wake alitaka vitanda vya wageni kupumzikia ufuoni, vya mtindo wa kisasa. Alituletea na Mchoraji wake. Mchoraji wa samani ni mtu anayebuni kiti kabla hakijawa kiti: anachagua mti au chuma au kamba, anakichora, halafu anamwachia fundi. Sisi tulikuwa hatujapata kumwona mtu wa namna hiyo. Kwetu fundi ndiye mchoraji, na mchoro wake uko kichwani.

Huyu alikuwa binti wa Ukambani, jina lake Mwikali, aliyesomea kazi hiyo Nairobi na ng'ambo. Alisimama mlangoni mwa banda na mkoba wake wa karatasi, asiingie. Fujo zilikuwa bado mbichi, na mtu wa bara alikuwa akikanyaga kwa tahadhari huku kwetu. Nasi, tusidanganyane, tulikuwa na haya.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu," Fundi Mkuu akajibu. "Mbona umesimama juani? Hapa ni kwenu. Ingia, ukae."

Akaingia. Kabla hajafungua karatasi zake alituuliza sote swali moja: kitu gani umewahi kubeba kikakulemea kuliko vyote? Tukacheka. Mmoja akasema kabati la Tajiri. Mimi nikasema mjomba wangu, siku nilipomvusha mto Ramisi mgongoni na yeye ananisahihisha njia. Fundi Mkuu hakujibu, aliendelea kupiga randa. Mchoraji akangoja kidogo, akaona hajibiwi, akaendelea na mengine.

"Samani ina watu wawili," alituambia. "Kuna mwenye kuikalia na kuna mwenye kuibeba. Huyu wa kubeba hakuna mtu humuuliza kitu." Hivyo kila tulichokitengeneza, hata kigoda, alikinyanyua kwa mkono mmoja na kuuliza, "Ni nzito?" Tukaanza kumwigiza akigeuka. Mtu akiletewa chai anaipokea na kuuliza, "Ni nzito?" Siku moja alitukuta tukifanya hivyo, akacheka kuliko sisi. Tangu siku hiyo akawa wetu.

Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha, na saa za chakula alituonyesha kazi za wabunifu wakubwa wa huko duniani. Mmoja alitazama usukani wa baiskeli, akaona kumbe bomba la chuma linaweza kupindwa likawa kiti, akalipinda. Mke na mume fulani walichukua mbao nyembamba kama kadi, wakazigandisha tabaka juu ya tabaka kwa gundi na joto ndani ya kalibu, zikatoka na umbo la mgongo wa mtu. Mwingine, wa nchi za baridi kule kaskazini, alitengeneza viti vya mbao vilivyowambwa kwa kamba za karatasi.

"Karatasi?" Fundi Mkuu akavua miwani. "Na mtu akimwaga chai?"

"Imesokotwa ikakazwa, Mzee. Inakaa miaka na miaka."

"Basi huko kwao hakuna panya."

Lakini aliniomba nimsogezee kile kitabu, akautazama ule uwambaji kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata kamba moja baada ya nyingine. Mchoraji akatueleza kwamba kamba za karatasi zilishika kule wakati wa vita, kamba za majani zilipoadimika. Kila mmoja wa wabunifu hao, alisema, aliangalia kilichopo karibu naye, akauliza kinaweza kufanya nini. "Sasa nyinyi, mko na nini karibu?"

Tukatazama nje. Minazi, mpaka macho yachoke.

Mnazi kwa samani! Tulidhani anatania. Kwetu shina la mnazi mzee ni la kuchomea chokaa au kuvukia mtaro. Lakini yeye alikuwa amelisoma. Ukilipasua, sehemu ya nje karibu na ganda ni ngumu sana na ina mistari myeusi, myembamba, utadhani imepigwa kwa kalamu. Moyo wake ni laini kama sponji, huo unautupa. Kazi yake ni taabu. Msumeno unaingia na makali unatoka kibogoyo, na vumbi lake linakwaruza koo. Lakini ukishapigwa randa, msasa, na mafuta, lo! Fundi Mkuu aliupapasa ubao wa kwanza kwa kiganja, akasema, "Miaka yote hii tunauchoma."

Kitanda chenyewe kilikuwa hivi. Mifumbati na vitakizo vya mnazi, vimechongwa vyembamba mpaka pale ambapo ukipunguza zaidi vinavunjika. Uwambaji wa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi yaliyozikwa kwenye matope ya pwani mpaka yakalainika, yakapondwa na kusokotwa. Juu yake matao ya kushikilia kivuli. Mnazi haukubali kupindwa, kwa hiyo matao tuliyafanya kwa fito za mikoko zilizofukizwa mvuke, na juu ya matao kitambaa cheupe. Na kwa kuwa alimfikiria mbebaji, aliweka mishikio minne, mmoja kila pembe, ili wahudumu wanne wakibebe kutoka ghalani mpaka kwenye mchanga bila kuumia migongo.

Sasa wewe msomaji wa huku kwetu umeshaona. Sisi hatukuona, na sababu ni namna kazi ilivyogawanywa. Mchoraji alitaka kitanda kifunguke chote kwa bolti, ndivyo wafanyavyo hao wakubwa, kisha kisafirishwe kikiwa bapa. Kwa hiyo mmoja alipewa matendegu, mwingine mifumbati, mwingine mishikio, mwingine matao. Mimi nilipewa kuwamba. Kila mtu aliinamia kipande chake. Mchoro wa kitanda kizima ulikuwepo, lakini ulichorwa kama unakitazama kutoka juu, ukaonekana mfano wa ngazi.

Asubuhi ya kupeleka kitanda cha kwanza kikaguliwe, tulikifunga bolti kwa haraka huku Tajiri akipiga honi nje. Tukakipakia kwenye pikapu na kuondoka. Fundi Mkuu alikuwa amevaa kanzu na kofia, maana alikuwa akienda kuonana na Meneja. Njia ya Galu ilikuwa imejaa matope ya mvua, na kabla ya kufika, pikapu ikazama mpaka kwenye ekseli.

"Si neno," Mchoraji akasema. Alikuwa amefurahi hasa. "Hiki ni kitanda cha kubebwa. Tukibebe."

Tukakishika wanne. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa cheupe na njia ni tope, tukakipandisha mabegani. Fundi Mkuu akatangulia na kanzu yake, Mchoraji akafuata nyuma na mkoba wake.

Bega langu ndilo lililojua kwanza. Nilihisi ule mshikio umekaa mahali ambapo nimezoea kuhisi kitu kingine, nikasema moyoni, Bakari, acha mambo yako. Kisha wauza matunda kando ya njia wakasimama. Wakanyamaza. Kinyozi akatoka kibandani na wembe mkononi, mteja wake nyuma yake na povu shavuni, nao wakasimama. Mchoraji akanisogelea, akaninong'oneza kwa furaha, "Watu wa huku mna heshima kweli. Wanasimama kwa ajili ya kitanda!"

Muuza madafu mmoja alikuwa ameshatua panga lake, akaja mbio, akaingiza bega chini ya mshikio wangu na kunisukuma kando taratibu, kama ilivyo ada yetu ya kupokezana. Wengine wakafuata. Kufumba na kufumbua, nyuma yetu kulikuwa na watu kama wa msiba wa mtu mashuhuri.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," yule wa madafu akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Nani ametutoka?"

"Hakuna," nikamwambia. "Ni kitanda cha hoteli."

Alitembea hatua kadhaa kabla neno halijamwingia. "Astaghfirullah! Kumbe jeneza halina mtu? Na mimi nimeshasoma Fatiha!"

"Mwenyezi Mungu atakulipa."

"Atanilipa nini, na maiti hakuna?" Lakini hakukitua. Kitu kilichokaa mkao ule huwezi kukitua njiani, bega lenyewe linakukatalia. Alikibeba mpaka langoni.

Askari wa lango alivua kofia yake, akatuzuia kwa adabu. "Poleni sana, wazee. Lakini msiba haupiti huku mbele. Zungukeni mlango wa jikoni."

Meneja alikuwa mtu wa Nairobi, mwenye haraka. Alikipenda kitanda. Alikinyanyua pembe moja, akapapasa mnazi, akasifu. Akamwita msimamizi wa wahudumu wa ufuoni aje akijaribu. Msimamizi akaja, mtu mzima wa Diani, akakitazama, akafunga mikono kifuani.

"Bwana Meneja, nikikosa unisamehe. Mimi mgeni simlazi humo."

"Kwa nini?"

"Hilo ni jeneza, bwana. La kuchukulia maiti. Mgeni akisinzia humo je? Nimwamshe vipi?"

Wahudumu wenzake walisimama nyuma yake, hakuna aliyekaribia. Meneja akatazama kitanda, akatutazama sisi, akamgeukia Mchoraji. Alisema hoteli iko karibu kufunguliwa, yeye hana muda wa matatizo, na kama hatuna kingine cha kumletea kabla ya hapo, kazi ataipeleka Mombasa. Akaingia ndani.

Mchoraji akakaa kwenye ngazi ya mawe. Macho yalimjaa machozi. Hiyo ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza, na alijua kwamba banda letu pia linaitegemea.

"Mzee, nimewatukana?"

Fundi Mkuu alikaa kando yake, akakunja kanzu isishike mchanga. "Hukumtukana mtu, mwanangu. Umechora jeneza zuri kuliko majeneza yote niliyopata kuyabeba. Ila hukujua kwamba unachora jeneza."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekwambiaje? Na sisi tumelijua njiani, pamoja na kinyozi."

Mchoraji akacheka huku analia, nasi tukacheka. Kisha akafungua mkoba wake pale pale ngazini. Fundi Mkuu akasema ondoa mishikio, ondoa matao. Yeye akasema nikiondoa mishikio, mbebaji nimemtupa. Wakabishana mpaka tukaletewa maji ya kunywa. Mwisho wakafika mahali: magurudumu mawili ya mnazi upande wa kichwani, na kamba ya usumba upande wa miguuni, mhudumu mmoja akivute kama mkokoteni. Kivuli kikawa mwavuli wa makuti wa kusimamishwa pembeni. Tulipounda cha majaribio, msimamizi wa wahudumu akaitwa mapema safari hii, akakivuta mchangani, akasema, "Hiki mtu anaweza kuamka." Oda ikabaki kwetu. Wallahi siku ile nilinunua nyama.

Kile cha kwanza kikarudi karakana. Mafundi hukalia chochote wakati wa chakula, hata ndoo ya gundi. Kile hakuna aliyekikalia. Kilikaa pembeni na kitambaa chake, nasi tukila tumekipa mgongo. Asubuhi moja Mchoraji akaja na msumeno wa mkono.

"Wacha nikikate, tupate mbao."

"Usikikate," Fundi Mkuu akasema. Akaweka randa chini. Nilikuwa sijapata kumwona akiweka randa chini kabla ubao haujaisha. "Siku ile ulituuliza kitu gani kilitulemea. Mimi sikukujibu."

"Nakumbuka, Mzee."

"Ni jeneza la msikiti wetu kule Msambweni, lile linalompeleka maiti kaburini na kurudi kumngoja mwingine. La mbao za mbambakofi, zito, lilitengenezwa na mtu aliyefikiri uzito ndio heshima. Makaburi yetu yako mbali, na njia ni mchanga. Siku tulipompeleka mke wangu tulikuwa wachache, wengi wazee. Tulimweka chini njiani mara tatu. Mke wangu, chini, njiani, watu wanapita." Akapangusa vumbi la randa kiganjani. "Mpaka leo ninapopita mahali pale natazama upande wa pili."

Mchoraji alitua msumeno. Kisha akauliza, akichagua maneno, kama inafaa kitu kilichochorwa na mtu asiye Mwislamu kikaingia msikitini. Fundi Mkuu akasema hilo si lake, atamuuliza Imamu.

Imamu alikuja mwenyewe. Alikizunguka, akagonga mifumbati kwa kifundo cha kidole, akanyanyua pembe moja kwa mkono mmoja, akabaki ameishikilia juu. "Nani alichora?" Tukamwonyesha. Akamtazama Mchoraji, akasema, "Mungu akuzidishie, binti. Mnatuletea lini?" Tukaongeza urefu wa matendegu, tukakaza bolti, na akina mama wa Msambweni wakashona kitambaa cha kijani. Lile la mbambakofi likastaafishwa.

Nami sasa nimestaafu. Banda la Ukunda halipo tena, pale pana duka la simu. Mchoraji alifungua karakana yake Diani, viti vyake vya mnazi vikapendwa hadi nchi za mbali, na mafundi wake wa kwanza walikuwa sisi. Nimefanya kazi nyingi chini yake, na vijana wanaponiuliza nimejifunza nini nawaambia wajue mti wao, na kabla ya kuuza kitu wakibebe wenyewe mpaka barabarani na kurudi. Wengi hawarudi kuniuliza la pili. Kila mwaka kabla ya Ramadhani nakwenda Msambweni kuwamba upya lile jeneza, maana kamba za usumba huchoka. Vidole vyangu navyo vimechoka, lakini hiyo kazi sijampa mtu.

Fundi Mkuu alifariki miaka michache baada ya jeneza hilo kuingia msikitini, alfajiri, kwenye kitanda chake alichokiwamba mwenyewe. Mchoraji alikuja kutoka Diani, amejitanda kanga kichwani, akakaa na wanawake ndani. Jeneza lilipotoka nilimwona amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Wanawake hawaendi makaburini, akabaki.

Tulikuwa wachache siku ile pia, kulikuwa na mvua. Tulipita pale mahali ambapo mzee alizoea kutazama upande wa pili, nasi tukapita bila kupunguza mwendo.

Tuliporudi Mchoraji alikuwa bado amesimama uani, viatu mkononi, kanga imelowa. Alinisogelea, akanishika mkono wa shati.

"Ilikuwa nzito?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Hatukumweka chini hata mara moja."